Kupandisha Nyasi Darini

Kwa mfugaji wa nchi zenye majira ya baridi kali, kama yalivyo majimbo ya kaskazini ya Marekani kuanzia Pennsylvania hadi Iowa na Minnesota, mwaka hugawanyika mapande mawili yasiyolingana: miezi ambayo ng'ombe na farasi hujilia majani mabichi malishoni, na miezi mingine, inayofika mitano au zaidi katika baadhi ya sehemu, ambapo ardhi hulala chini ya theluji na kila kitakachoingia kinywani mwa mnyama sharti kiwe kimevunwa, kimeanikwa na kuwekwa chini ya paa tangu majira ya joto. Akiba hiyo ni nyasi kavu, yaani majani ya malisho yaliyokatwa yakiwa bado na virutubisho vyake kisha yakakaushwa juani, ambayo wafugaji wengi wa Kenya huyaita hei. Kuyakata majani hayo kuna ugumu wake, lakini kazi iliyowashinda wengi kwa muda mrefu zaidi ilikuwa ile ya mwisho, ya kuyatoa kwenye gari na kuyapandisha hadi dari ya ghala, na vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya kazi hiyo viliishia kubadilisha umbo la majengo, mgawanyo wa kazi katika familia na hata biashara ya mkonge wa Tanga.

Ugumu wenyewe ulitokana kwanza na maji. Majani mabichi huwa na maji kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake, na ili yahifadhiwe salama kiasi hicho hupaswa kushuka hadi chini ya asilimia 20 au karibu na hapo. Yakirundikwa kabla ya kukauka, chembechembe za majani ambazo bado zina uhai pamoja na vijidudu vinavyojilisha humo huzalisha joto, na kwa kuwa rundo kubwa halipitishi joto hilo kwenda nje, hali hupanda kidogo kidogo mpaka kemia ya majani yenyewe inachukua nafasi ya vijidudu vilivyokwisha kufa, na wiki kadhaa baadaye ghala zima huweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Wakulima wa zamani walinyunyiza chumvi baina ya matabaka ya nyasi zilizowatia wasiwasi, kwa matumaini ya kupunguza hatari hiyo. Kwa upande mwingine, nyasi zilizokwisha kukauka zikinyeshewa zikiwa shambani hupoteza rangi, harufu na sehemu ya lishe. Mkulima, basi, alibanwa kati ya kuharakisha mno na kuchelewa mno, na siku za jua alizopewa zilikuwa chache.

Jambo la pili ni ukubwa wa mzigo. Nyasi zisizofungwa ni nyepesi lakini hula nafasi, kwani tani moja hujaza mita za ujazo 14 au 15 hivi. Ng'ombe mkubwa anayekula takribani kilo 10 za nyasi kavu kwa siku humaliza tani moja na nusu katika miezi mitano, kiasi kinachohitaji zaidi ya mita za ujazo 20. Kwa mwenye ng'ombe ishirini hiyo ni sawa na kuhamisha tani thelathini kutoka shambani hadi darini, uma kwa uma. Mtu mmoja alisimama juu ya gari la farasi na kuinua nyasi kwa uma wa mpini mrefu hadi kwenye mlango wa juu, mwingine akazipokea, wa tatu akazisukuma ndani zaidi, na kadiri rundo lilivyoongezeka kimo ndivyo kila uma ulivyohitaji nguvu zaidi na watu zaidi wa kupokezana.

Msomaji anaweza kuuliza sababu ya kuzipandisha nyasi hizo badala ya kuzihifadhi chini. Jibu limo katika jinsi ghala la Kimarekani lilivyojengwa: mifugo hukaa ghorofa ya chini na nyasi hukaa juu ya vichwa vyao, hivyo wakati wa baridi mfugaji hahitaji kubeba kitu, bali huziangusha nyasi kupitia tundu la sakafu hadi kwenye hori, asubuhi na jioni, huku rundo lenyewe likisaidia kuzuia joto la wanyama lisipotelee paani. Ilikuwa hesabu ya busara, kwani taabu yote ililipwa kwa mkupuo katika majira ya joto na kila siku ya baridi ikanufaika nayo. Wajerumani na Waswisi waliohamia Pennsylvania waliipunguza taabu hiyo kwa kulijenga ghala kwenye ubavu wa kilima, ili gari liingie moja kwa moja ghorofa ya juu kutokea upande wa mlima. Lakini katika nchi tambarare ya Iowa au Illinois kilima cha namna hiyo hakikuwapo.

Kufikia katikati ya karne ya 19 hali ilizidi kubana kwa sababu ya maendeleo yaliyotokea kwingine. Mashine za kukatia nyasi zinazovutwa na farasi zilienea, na reki kubwa za farasi za kukusanyia majani zilikuwa zimekwisha kuzoeleka, kwa hiyo eneo ambalo zamani lilihitaji kundi la watu wenye fyekeo za mpini mrefu lilikatwa na mtu mmoja aliyeketi kitini. Nyasi zilikauka kwa wingi shambani kwa wakati mmoja, nazo zote zikaja kukwama mlangoni mwa ghala, ambako kazi ilikuwa bado ni ya mikono mitupu. Historia ya kilimo imejaa mifano ya namna hii: mashine inayoharakisha hatua moja huisukumia hatua inayofuata msongamano wote, na uvumbuzi unaofuata huzaliwa pale pale palipobanwa.

Aliyefungua njia katika suala hili ni William Louden, mkulima wa Fairfield, jimboni Iowa, aliyezaliwa mwaka 1841 na ambaye tangu utotoni alisumbuliwa na baridi yabisi kiasi cha kutoweza kazi nzito za shamba. Mwaka 1867 alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiigwe, kwa ajili ya toroli la kubebea nyasi linalotembea juu ya reli iliyoning'inizwa chini ya mgongo wa paa. Kapi na kamba za kuinulia mizigo zilikuwa zimejulikana tangu kale, na kuinua nyasi kwa kapi iliyofungwa kwenye boriti hakukuwa jambo geni. Tatizo la kapi ya kawaida ni kwamba huupandisha mzigo mahali pamoja tu, ilhali ghala lina urefu wa mita ishirini au thelathini, na nyasi zilizoangushwa mahali pamoja bado zinahitaji watu wa kuzisambaza. Toroli liliunganisha safari mbili, ya kwenda juu na ya kwenda mbele, katika mvuto mmoja wa kamba ile ile, na hapo ndipo ulipo uzuri wa kifaa hiki, unaostahili kuelezwa hatua kwa hatua.

Reli, ambayo awali ilikuwa ya mbao na baadaye ya chuma, hupita chini ya mgongo wa paa kutoka mwisho mmoja wa ghala hadi mwingine, na mara nyingi hutokeza nje ya ukuta ili gari liweze kusimama chini yake. Juu kabisa ya mahali pa kupakulia, kizuizi cha chuma hukazwa kwenye reli kwa bolti. Toroli lenyewe, ambalo ni fremu ya chuma yenye magurudumu manne madogo, hunaswa na kizuizi hicho kwa komeo na kutulia hapo. Kamba nene, ambayo ncha yake moja imefungwa kwenye toroli, hushuka hadi chini, huzunguka kapi inayobeba uma wa nyasi, hupanda tena hadi kwenye gurudumu lililomo ndani ya toroli, hufuata reli hadi mwisho wa ghala, huteremka ukutani na hatimaye hutoka kupitia kapi nyingine iliyofungwa karibu na sakafu, ambapo hufungwa kwenye mikanda ya kukokotea ya farasi. Kwa kuwa mzigo unaning'inia kwenye kitanzi cha kamba, pande mbili za kamba huugawana, hivyo farasi huvuta kwa nusu tu ya nguvu ambayo angehitaji, ingawa hulazimika kwenda masafa maradufu.

Farasi anapoanza kutembea, uma uliokwisha kuuma nyasi hupanda wima, kwa sababu toroli limefungwa na haliwezi kusogea. Kapi ya uma inapofika juu, kichwa chake huingia katika kinywa cha toroli na kusukuma ulimi wa chuma, na kwa msukumo huo mmoja mambo mawili hutokea: ulimi huikamata kapi ili mzigo usiweze kushuka tena, na papo hapo komeo lililokuwa limelishikilia toroli kwenye kizuizi huachia. Kamba bado inavutwa, lakini kwa kuwa mzigo hauna tena pa kupanda, mvuto wote huligeukia toroli, nalo huteleza juu ya reli kuelekea ndani ya ghala. Farasi hajui kwamba kazi yake imebadilika. Amekuwa akienda mbele tu. Aliyeko darini hupiga kelele nyasi zinapofika mahali panapotakiwa, mtu wa kwenye gari huvuta kamba ya pili nyembamba, iitwayo kamba ya kufyatulia, uma hufyatuka, na nyasi huporomoka. Kisha farasi hurudishwa, kamba nyembamba hulivuta toroli nyuma hadi ligonge kizuizi, na mgongano huo hulifunga tena komeo na kuiachia kapi ishuke kwa ajili ya mzigo mwingine.

Ni vigumu kutolistaajabia jambo hili. Hakuna injini, hakuna umeme, na hakuna mtu anayepanda juu kubadilisha chochote. Kifaa chenyewe hutambua kwa mguso kwamba mzigo umefika, na hupanga upya kazi yake. Wahandisi wa leo hutumia vihisio na kompyuta kupata tabia ya namna hiyo, ilhali viwanda vidogo vya miji ya mashambani viliipata kwa chuma cha kusubu.

Uma nao ulipata maumbo yake. Ule uliozoeleka zaidi ulifanana na chusa ya wavuvi wa papa: vyuma viwili virefu vilivyonyooka, vilivyounganishwa juu, ambavyo huchomwa ndani ya nyasi kwa uzito wa mwili, kisha nyenzo ndogo hupinduliwa ili vikulabu vilivyojificha kwenye ncha vitokeze ubavuni na kuzishika nyasi kwa chini; kamba ya kufyatulia ilivirudisha vikulabu hivyo ndani na mzigo ukateleza. Aina hiyo ilifaa kwa nyasi ndefu, lakini nyasi fupi zenye majani madogo zilichuruzika, na kwa ajili yake ukatengenezwa uma wa makucha wenye meno yaliyopinda yanayojifunga kwa uzito wa mzigo wenyewe. Wengine walipendelea machela ya kamba na fito, ambayo yalitandikwa kwenye gari kabla ya kupakia na tena baina ya matabaka, hata gari zima likaweza kupakuliwa kwa mara tatu au nne. Machela hayo yaliinuliwa kwa pande zote mbili, na yakifika juu yakaachana katikati kwa kufyatuliwa.

Faida ya toroli ilidai gharama yake kwa jengo. Maghala ya zamani yalikuwa na boriti nzito zilizokatiza katikati kutoka ukuta hadi ukuta, nazo zikaizuia njia ya mzigo unaoning'inia, kwa hiyo wajenzi walilazimika kutafuta namna ya kulishikilia paa bila nguzo wala boriti za kati. Paa lenye miteremko miwili kila upande, ule wa juu ukiwa wa kulala na wa chini ukiwa wa kusimama, lilipendwa kwa sababu liliacha uwazi mkubwa chini ya mgongo, na mwanzoni mwa karne ya 20 likafuatwa na paa la tao lililojengwa kwa mbao nyembamba zilizopindwa na kuunganishwa pamoja. Ule mdomo wa paa unaotokeza mbele ya mlango mkubwa wa juu, ambao watazamaji wengi wa picha za mashamba ya Marekani hudhani ni pambo, uliwekwa ili kuifunika ncha ya reli na kuzikinga kamba na mvua. Kampuni ya Louden ilifikia hatua ya kuwachorea wakulima ramani za maghala, kwa kuwa kifaa na jengo havikuweza tena kutenganishwa, na baadaye elimu ile ile ya reli za juu iliipeleka katika viwanda, ambako mizigo hubebwa juu ya vichwa vya wafanyakazi. Washindani wake, wakiwamo F. E. Myers wa Ashland na Ney wa Canton, miji yote miwili ikiwa Ohio, walitengeneza matoroli yao wenyewe, yenye majina na nyota zilizosubiwa kwenye chuma, na leo wapo watu wanaoyakusanya kama vitu vya kale.

Kuhusu watu, haitoshi kusema kwamba kazi ilipungua. Mtoto wa miaka minane au tisa aliweza sasa kumwongoza farasi wa kamba, jambo lililomtoa mwanamume mmoja mzima katika safu ya wapokezanaji, na pia lililomweka mtoto karibu na kamba iliyokazwa yenye uwezo wa kumvunja mguu. Aliyebaki darini ndiye aliyebeba sehemu mbaya kuliko zote, maana nyasi zilimwangukia haraka kuliko alivyoweza kuzisambaza, chini ya paa lililochemka kwa jua, katika vumbi lililomkaba koo na ambalo, likitoka katika nyasi zenye ukungu, huweza kuleta ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Msongamano ulikuwa umehama kutoka mlangoni hadi kwenye mapafu ya mtu huyo, na katalogi za watengenezaji hazikuwa na sababu ya kumtaja.

Toroli lilitawala kwa miongo mingi, ingawa katika nchi kavu za magharibi, kama vile bonde la Big Hole jimboni Montana, wafugaji walizirundika nyasi nje kwa mitambo ya mbao iliyozisukuma juu ya mteremko na kuzimwaga kileleni. Kilicholiondoa toroli ni robota, yaani nyasi zilizoshindiliwa na kufungwa kwa kamba. Mashine za kushindilia nyasi zilikuwapo tangu karne ya 19, lakini zilisimama mahali pamoja na kulishwa kwa mikono. Ni mwishoni mwa miaka ya 1930 ambapo Edwin Nolt, fundi wa Pennsylvania, alifanikiwa kuunda mashine inayovutwa shambani, ikaziokota nyasi, ikazishindilia na kuzifunga yenyewe kwa mafundo, na kuanzia mwaka 1940 kampuni ya New Holland ikaitengeneza kwa ajili ya soko.

Hapa ndipo ghala la Iowa linapokutana na pwani ya Afrika Mashariki, kwani kamba iliyotumiwa na mashine hizo kwa wingi ilikuwa ya mkonge. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoagiza alibakiwa na 62 tu iliyo hai, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro. Kamba ya mkonge ilikuwa imara, ilishika fundo bila kuteleza, na kipande kilichosalia ndani ya nyasi kilioza bila kumdhuru ng'ombe aliyekimeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya soko lake ilikuwa kamba za kufungia mazao na nyasi katika mashamba ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliokata majani ya mkonge kwa vipande walikuwa wakifunga, bila kuyaona, marobota yaliyopandishwa katika maghala yale yale ya Louden. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni kwa bei ya chini, mashamba hayo yaliumia vibaya, na watu wa Tanga wanaulipa mpaka leo uamuzi uliofanywa na wakulima ambao hawakuwahi kusikia jina la mji wao.

Robota la mkono lilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 30, kwa hiyo uma wa chusa haukulifaa. Badala yake kulikuja kipandishio cha mnyororo, ambacho ni mfereji mrefu wa bati uliolazwa kwa mteremko kutoka chini hadi mlango wa dari, na ndani yake mnyororo wenye meno unaozungushwa na mota ya umeme au injini ndogo na kuyakokota marobota moja baada ya jingine. Mwili wa binadamu ulirudi kazini kwa nguvu zote, kwani kila robota liliinuliwa kwa mikono shambani, garini, mwanzoni mwa mnyororo na tena darini. Vilevile, kwa kuwa nyasi zilizofungwa huwa nzito mara mbili au zaidi kuliko zisizofungwa katika nafasi ile ile, wamiliki waliolijaza dari kama walivyozoea waligundua kwamba sakafu zilizojengwa kwa ajili ya mzigo mwepesi zinapinda.

Kisha, mwaka 1971, Gary Vermeer wa Pella, huko huko Iowa, alibuni mashine ya marobota makubwa ya mviringo, ambayo huweza kufika nusu tani na zaidi. Hakuna mtu anayeweza kuliinua robota hilo, wala hakuna anayehitaji, kwa kuwa trekta hulibeba kwa mwiba wa chuma, na umbo lake humwaga mvua kiasi cha kuweza kukaa nje likiwa limefungwa kwa wavu au plastiki. Dari ya nyasi ikakosa kazi, na jengo lote lililokuwa limejipanga kuizunguka reli ya Louden likabaki stoo ya vitu vingine.

Katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ambako msimu wa ukame humlazimisha mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kuweka akiba, bado watu wengi wako kwenye robota dogo. Wakulima wasio na trekta hutumia sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kimo cha 45, ambamo nyasi za Rhodes hushindiliwa kwa miguu na kufungwa kwa kamba hadi kutoa robota la kilo 20 hivi, kisha marobota hayo hupangwa bandani kwa kubebwa kichwani na mabegani. Kwa banda lenye dari, kapi moja na kamba imara vingeweza kumwondolea mfugaji taabu ya kupanda na uzito huo kichwani bila lita moja ya mafuta, na fundi yeyote wa kuchomelea anayeelewa namna komeo la toroli linavyofanya kazi anaweza kulitengeneza. Linalohitaji uangalifu ni mbao ya juu itakayobeba kapi hiyo: mabanda mengi yameezekwa kwa mabati juu ya fito nyembamba zilizokusudiwa kubeba mabati tu, na robota la kilo 20 linapoinuliwa kwa kapi iliyofungwa juu, boriti hubeba uzito wa robota pamoja na nguvu ya anayevuta, yaani karibu kilo 40, na zaidi ya hapo kamba inaposhtuliwa. Nguzo mbili imara na boriti ya mti mgumu, vikisimama vyenyewe bila kuliegemea paa, ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kununua kamba.